Kisu au Dawa, Kipi Kitangulie? Habari ya Uvimbe wa Watoto tangu Kampala

Mwaka jana wakati wa mvua jamaa moja ilinijia hapa Kirolirwe, jioni, nilipokwisha kufunga mlango wa chumba cha mafundisho. Walikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba, na mtoto mwanamume wa miaka saba, naye alibebwa mgongoni kama mtoto mchanga. Watu hawa walikuwa wamekaa miaka mingi upande wa Walikale, huko chini penye joto na msitu, baba akifanya kazi ya machimbo. Mtoto alizaliwa huko. Baadaye wakapanda kurudi kwao milimani. Hata mwaka haujaisha, tumbo la mtoto likaanza kuvimba. Kwa majuma matatu tu likawa gumu kama kibuyu, naye akawa anatapika kila alichokula. Wakampeleka mjini. Waganga wakampasua, wakakuta matumbo yamezibwa na uvimbe, wakautoa karibu wote. Kidonda kikafunga vizuri, mtoto akaomba uji. Ndipo waganga wakawaambia wazazi: Mtamrudisha, maana sasa ataanza dawa za mshipa, mara sita.

Bibi ndiye aliyesema. "Mwalimu, wewe ulisoma seminari, tuambie. Kama wamekwisha kuutoa uvimbe, dawa ni ya nini tena? Na kama dawa ndiyo inayoponya, mbona walimkata mtoto?"

Baba alinyamaza. Alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe mmoja, nami niliona anamfikiri wa pili.

Nakiri sikuwa na jibu. Seminarini tulifundishwa Kilatini, falsafa kidogo na historia ya Kanisa. Habari za matumbo ya watu hatukufundishwa. Nikawaambia wasikae kuningoja mimi, wajitayarishe kwa safari, nami nikaanza kutafuta vitabuni na kuwauliza waganga. Nikaona jambo la kushangaza. Swali la bibi ndilo lile lile waganga wakubwa waliloshindania miaka mingi, tena si Ulaya peke yake. Walilishindania Kampala, ng'ambo tu ya milima ya Virunga, juu ya watoto wenye ugonjwa huu huu.

MGANGA WA JICHO MOJA

Mwaka 1946 alifika Uganda mganga wa kupasua, jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Kwa sababu hiyo serikali ya Uingereza ilimkataa alipoomba kazi ya uganga katika makoloni: mpasuaji wa jicho moja, nani atamtaka? Vita ikaja, akatumika kama mganga wa askari, ndipo wakamkubali. Walimweka kwanza Lira, kaskazini ya nchi, na mwaka 1948 akahamia hospitali kubwa ya Mulago, Kampala. Alikuwa Mprotestanti mwenye sala nyingi, na waliomjua husema hakuwa mtu wa kujivuna.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell, aliyejulikana sana kwa kazi yake juu ya watoto waliokosa chakula bora, akamwita aje kumtazama mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya, kulia na kushoto, juu na chini. Meno yalilegea. Burkitt akatazama, akashindwa. Jipu hukaa mahali pamoja. Uvimbe wa mfupa hukaa upande mmoja. Huu ulikuwa mahali panne kwa mara moja. Akapiga picha, akaandika, akaendelea na kazi yake.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akizungukia wagonjwa katika hospitali ya huko. Akatupa jicho nje ya dirisha, akamwona mama ameketi majanini na mtoto wake, na mtoto ana uso ule ule. Burkitt akaacha kazi, akatoka nje kumtazama. Taya zote zimevimba. Akampapasa tumbo, na humo pia akakuta uvimbe. Alikuwa na jicho moja, lakini nadhani wako wengi waliopita karibu na watoto wa namna ile wakiwa na mawili.

Aliporudi Mulago alifungua daftari za zamani. Huko akaona kwamba watoto hao walikuwapo siku zote, ila walikuwa wametawanywa katika majina mbalimbali: huyu ameandikwa uvimbe wa taya, huyu wa figo, huyu wa jicho, huyu wa ini, huyu amepooza miguu. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja uliovaa nguo nyingi. Hata katika hospitali ya misioni ya Mengo, aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, zilikuwako picha za watoto wenye taya zilizovimba, zilizochorwa kwa mkono mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1958 Burkitt akatoa habari hiyo katika gazeti la wapasuaji wa Uingereza. Baada yake Gregory O'Conor, Mmarekani, na Jack Davies, waliokuwa wakitazama vipande vya uvimbe kwa hadubini huko Kampala, walionyesha kwamba ni kansa ya zile chembe nyeupe zinazoulinda mwili wetu na magonjwa. Tena karibu nusu ya kansa zote za watoto waliowaona ilikuwa ndiyo hii. Leo dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt.

KISU CHASHINDWA

Basi, Burkitt alikuwa mpasuaji, na mpasuaji huanza kwa kisu. Alijaribu kukata uvimbe wa taya. Ni kazi ya kutisha: kumwondolea mtoto nusu ya taya, ili kuokoa roho yake. Lakini hakuokoa. Mtoto alipona kidonda, na baada ya majuma machache uvimbe ukatokea taya ya pili, au tumboni, au nyuma ya jicho. Mashine ya kuchoma kansa kwa mionzi haikuwako Uganda wakati ule. Kisu kilikuwa ndicho silaha pekee mkononi mwake, na kilimwaibisha.

Sababu yake tunaijua sasa. Uvimbe huu ni miongoni mwa zile zikuazo upesi kuliko zote zinazompata binadamu. Mama anaweza kuona tofauti kati ya Jumapili na Jumapili. Kisu hukata kile kinachoonekana. Chembe za ugonjwa zilikuwa zimekwisha kusafiri mahali pengine mwilini kabla mpasuaji hajanawa mikono. Wakulima wa Masisi watanielewa nikisema ni kama kufyeka majani ya shamba na kuacha mizizi chini: kwa siku mbili shamba ni safi, na mvua moja tu inakuonyesha ulichokiacha.

Burkitt hakukaa kulia juu ya kisu chake. Akauliza swali jingine: watoto hawa wanatoka wapi? Akachapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali za Afrika, kila jibu lililorudi akalitia alama juu ya ramani. Kisha mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala kwa motokaa nzee ya Ford pamoja na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Ted Williams, wa hospitali ya misioni ya Kuluva karibu na Arua, ambaye pamoja na uganga alijua kutengeneza motokaa. Wa pili Cliff Nelson, mganga wa Kanada. Kwa majuma kumi walikwenda maili 10,000, ndiyo kilomita 16,000, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia katika hospitali zaidi ya 50, kubwa na ndogo, za serikali na za misioni. Hawakuwa na chombo cha ajabu. Walionyesha picha na kuuliza: Je, mmewaona watoto kama hawa?

Majibu yalichora mstari juu ya nchi. Karibu na ikweta uvimbe ulikuwapo katika nchi za chini, na ulikoma kama kwenye meta 1,500 juu ya bahari. Nyanda za juu za Kigezi, za Rwanda na Burundi, hazikuwa nao. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mstari ulivyoshuka. Alexander Haddow, aliyefanya kazi ya virusi huko Entebbe, ndiye aliyeona kwamba si kimo chenyewe bali baridi: mahali ambapo joto hushuka chini ya digrii 16 hivi, na mahali pasipo mvua ya kutosha, uvimbe haupo. Kwa maneno mengine, ulikwenda pale mbu walipokwenda.

Nitasimama hapa kidogo, maana jambo hili linatuhusu. Sisi wa Kirolirwe, katika barabara ya Sake kwenda Kitchanga, tunalala na blanketi mbili na kukamua ng'ombe katika ukungu. Tuko juu ya mstari wa Burkitt. Walikale iko chini yake. Anayeteremka kutafuta kazi anauvuka mstari huo, na watoto wake pamoja naye, wala hakuna kibao barabarani. Msinielewe vibaya, sisemi kila mtoto wa Walikale ataugua. Ugonjwa huu si wa kila nyumba hata huko wanakoujua sana. Nasema tu kwamba mtoto aliyezaliwa chini anaweza kupanda nao kwetu, mahali ambapo wazee hawajauona, wakadhani ni minyoo, au wakadhani ni mkono wa jirani.

Sababu ya ugonjwa ilijulikana polepole. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alieleza mambo yake katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwako kijana mmoja mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinaruka kwa ndege kutoka Uganda kwenda London, na mwaka 1964 Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe. Virusi hivyo karibu watu wote duniani tunavyo, navyo havitudhuru sana. Lakini mtoto anayepigwa na malaria tena na tena tangu utoto, kinga ya mwili wake huchoka, na hapo virusi na malaria hushirikiana kuleta kansa hii. Haiambukizwi na mgonjwa kwa mwenziwe. Wala haitoki kwa uchawi, na bibi alipenda niliseme neno hilo mara mbili mbele ya mkwewe.

DAWA ZILIZOTOKA MBALI

Sasa turudi kwenye swali lake. Wakati Burkitt alipokuwa ameshindwa kwa kisu, huko Marekani dawa mpya zilikuwa zimezaliwa. Habari ya kuzaliwa kwake ni ya ajabu. Mojawapo ya jamaa za dawa hizo ilitoka katika sumu ya vita, ile gesi ya haradali iliyounguza askari katika vita vya kwanza vya dunia. Waganga waliona kwamba sumu ile huua chembe nyeupe za damu, na mwaka 1942 Louis Goodman na Alfred Gilman wa Yale wakaijaribu, katika namna iliyopunguzwa ukali, kwa mgonjwa wa kansa. Kutoka hapo Wajerumani walitengeneza mwaka 1958 dawa iitwayo siklofosfamidi. Nyingine, metotreksati, ilitokana na kazi ya Sidney Farber wa Boston, aliyewatibu watoto wenye kansa ya damu tangu mwaka 1947. Na ya tatu, vinkristini, imetoka katika ua dogo la waridi la Madagaska, ambalo watu wengi wanalipanda mbele ya nyumba bila kujua limebeba nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, waganga wa kansa wa New York, walimsaidia Burkitt kupata metotreksati. Akawapa watoto aliokuwa hawezi tena kuwakata. Hata yeye mwenyewe hakutegemea alichokiona. Taya zilizojaa kama nazi zilinywea kwa siku chache. Mtoto aliyekuwa hawezi kufumba mdomo alianza kula. Nairobi vilevile Peter Clifford alikuwa akijaribu dawa za namna hii kwa watoto wa Kenya, naye akaona hayo hayo.

Iko habari moja ambayo nasita kuiandika, lakini ni ya kweli na nitaiandika. Wagonjwa wengine wa Burkitt walipata dawa mara moja au mbili tu, kisha wazazi walipoona uvimbe umekwisha wakawachukua nyumbani wasirudi. Miaka mingi baadaye baadhi yao walionekana wazima, na mwaka 1967 Burkitt aliwaandikia waganga wenzake juu ya hao. Asisome mtu maneno haya akasema: Basi mara mbili zatosha. Hao waliookoka ndio walioonekana. Wale waliorudiwa na uvimbe kule vijijini hawakuwa na mtu wa kuandika habari zao, na walikuwa wengi. Ndiyo sababu waganga waliofuata waliongeza dawa, wakazirudia kwa majuma, na wakaanza kutia dawa nyingine katika maji ya uti wa mgongo ili kuufukuza ugonjwa usikimbilie ubongoni.

Mwaka 1967 kwa msaada wa Marekani kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, na mkuu wake wa kwanza alikuwa John Ziegler, kijana mwenye bidii kubwa. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt, Ziegler, Burchenal na wengine walipewa zawadi ya Lasker, ambayo ni heshima kubwa ya uganga Marekani. Ikaonekana kwamba kisu kimestaafu.

KISU CHAITWA TENA

Lakini watoto wenye uvimbe wa tumbo walisumbua. Mwenye uvimbe wa taya aliletwa mapema, kwa maana uso hausitiriki. Tumbo hufichwa na nguo. Mama anadhani mtoto ameshiba, kisha anadhani ni minyoo, kisha bandama ya malaria, na anapofika hospitali uvimbe una uzito wa kilo kadhaa. Hapo dawa ilikuta jeshi kubwa mno. Tena kulikuwa na hatari nyingine ambayo hakuna aliyeitazamia. Dawa ikifanya kazi vizuri sana, chembe nyingi za kansa hufa kwa mara moja. Taka zake zote huingia katika damu. Figo huziba, mkojo hukauka, potasiamu hupanda mpaka moyo unasimama. Mtoto anaweza kufa siku chache baada ya dawa, na uvimbe umepungua! Wazazi wanasema dawa imemwua, nao hawasemi uongo mtupu.

Hapo ndipo waganga wa Kampala wakauliza upya: Je, tukipunguza mzigo kwanza kwa kisu, dawa haitafanya kazi nyepesi? Ian Magrath, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha Mulago, pamoja na mpasuaji Wilson Carswell na wenzao wengine wawili, walipitia habari za watoto wenye uvimbe wa tumbo. Mwaka 1974 walitoa matokeo katika gazeti la waganga wa Uingereza. Watoto ambao uvimbe wao uliondolewa wote, au zaidi ya sehemu tisa katika kumi, kisha wakapewa dawa, waliishi kuliko wale waliopasuliwa wakaachiwa uvimbe mwingi. Kuondoa nusu tu hakukuleta faida hiyo. Jambo hili lilihesabiwa kubwa hata wale waganga walipopanga ngazi za ugonjwa walitenga ngazi ya pekee kwa watoto wa namna hiyo: wenye uvimbe mkubwa wa tumbo uliokwisha kutolewa.

Tazama basi jinsi kazi ya kisu ilivyogeuka. Zamani mpasuaji alikata ili aponye, akashindwa. Sasa anakata ili dawa iponye. Chembe zinazobaki, zile zisizoonekana kwa macho, zinaachiwa dawa kwa makusudi. Ni chache, zinakua upesi, na dawa hizi huua hasa kile kinachokua upesi. Na taka za vita hiyo zikiwa kidogo, figo zinaweza kuzichukua. Mimi nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifunga kitabu nikaenda nyumbani kwa bibi usiku ule ule, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Haki inataka niseme pia upande wa pili. Waganga wengine waliuliza: Je, watoto hao waliishi kwa sababu ya kisu, au kwa sababu uvimbe wao ulikuwa wa namna nyepesi, uliokaa mahali pamoja, ndiyo maana ukaweza kutolewa wote? Ni swali la haki, na si rahisi kulijibu. Na wakati wenyewe haukuwa wa utulivu. Idi Amin alikuwa ametwaa nchi mwaka 1971. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, Wamarekani wa kituo wakaondoka. Charles Olweny, mzalendo wa kwanza kukiongoza, alikaa na wagonjwa wake huku dawa zikikosekana na barabara zikiwa na askari. Sisi wa Masisi hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kutibu watu wakati kama huo.

Miaka iliyofuata dawa zilizidi nguvu, zikachanganywa kwa akili zaidi, na waganga walijifunza kumpa mtoto maji mengi mshipani na dawa ya kulinda figo kabla ya kuanza. Kwa hiyo kisu kikarudi nyuma tena. Leo mganga hampasui mtoto wa limfoma ya Burkitt ili kung'oa kila kitu kwa nguvu, maana kidonda kikubwa kinachelewesha dawa, na kwa ugonjwa huu juma moja ni muda mrefu. Atakata kipande kidogo ili kipimwe kwa hadubini. Atapasua ikiwa matumbo yamezibwa au yamejikunja ndani yake, kama ilivyokuwa kwa mtoto wetu. Na akikuta uvimbe umekaa mahali pamoja, unaoweza kutoka wote bila kuharibu mwili, atautoa. Hayo ndiyo waliyoyafanya waganga wa mjini kwa mtoto huyu, nao walifanya sawasawa na mafundisho ya Kampala. Taya haikatwi kamwe siku hizi kwa ugonjwa huu. Katika hospitali ya misioni ya Lacor, Gulu, iliyoanzishwa na Wakomboni mwaka 1959 na kukuzwa na Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, yeye mwenyewe mpasuaji, watoto wa limfoma hii wametibiwa miaka mingi kwa dawa.

Asidhani mtu kwamba utaratibu huu ni mmoja kwa kansa zote. Chukua kansa ya kibofu cha mkojo. Huko pwani, Unguja na Pemba, na katika bonde la Nile, watu wameugua kichocho tangu zamani, yule mnyoo aingiaye kwa ngozi ya mtu anayeoga katika maji yenye konokono. Na mtu aliyekojoa damu miaka mingi anaweza mwisho kupata kansa ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la dunia la uchunguzi wa kansa lilithibitisha kwamba mnyoo huo huleta kansa kweli. Katika ugonjwa huu kisu na dawa hubadilishana mahali mara tatu. Kwanza mganga hupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo, akakwangua uvimbe ili ajue ni wa namna gani na umeingia kiasi gani. Ukiwa umeingia katika nyama ya kibofu, dawa hutangulia, na kisha kibofu chote hutolewa. Waganga wa Marekani walitangaza mwaka 2003 kwamba kati ya wagonjwa 307, waliopewa dawa kwanza, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 77, na waliokatwa bila dawa, nusu yao walivuka miezi 46 tu. Mpaka leo wanashindania jambo moja: je, ule ukwanguaji wa kwanza, kabla ya dawa, uondoe uvimbe wote unaoonekana, au kipande cha kupima kinatosha? Ni swali la Magrath limehamia katika kibofu. Tena kati ya dawa walizotumia watu wale ilikuwamo metotreksati, ile ile ya Burkitt, na ndugu ya vinkristini kutoka katika ua lile lile la Madagaska.

Nilimweleza bibi haya yote katika jikoni lake, ila habari za kibofu niliziacha. Alisikiliza huku akigeuza mahindi motoni. Nilipomaliza alisema: "Kwa hiyo wale wa kwanza wamefyeka, na wa pili wanachoma mizizi." Nikamwambia ndivyo. Akamgeukia mwanawe: "Na wewe ulitaka kukaa na shamba lililofyekwa tu."

Baba akasema kwamba hakutaka. Alikuwa akiogopa nywele za mtoto zitaanguka, watu watasema amelogwa. Na alikuwa akiogopa bei. Juu ya nywele nilimwambia zitaanguka kweli na zitarudi. Juu ya bei sikuwa na la kumdanganya. Jumapili ile jumuiya yetu ndogo ilichanga kilichoweza kuchangwa, ikawa ni nauli ya kwenda, maharagwe, na jibini tatu za kuuza mjini. Ng'ombe wa pili aliuzwa hata hivyo.

Waliondoka siku ya tatu, juu ya lori la viazi, mtoto amefunikwa koti langu la mvua. Dawa ya kwanza ilimtesa sana, alitapika siku mbili na akakataa kusema na mtu. Ya pili alivumilia. Nywele zimeanguka, na bibi amemshonea kofia ya sufu ambayo anaivua kila anapoona wenziwe, ili wamguse kichwa. Juma lijalo wanakwenda kwa ajili ya dawa ya tatu, ikiwa barabara ya Sake itapitika.